Ripoti ya Marti: karatasi iliyoshusha bei ya Mustang ya 1967

Picha ya kwanza ya namba ya chesisi niliyotumiwa na muuzaji ilikuwa na kidole gumba juu ya tarakimu tatu za mwisho. Gari lenyewe lilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1967, ile yenye paa linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye buti, jekundu, lenye nembo za GT, yaani kifurushi cha kimichezo, pembeni, taa mbili za ukungu ndani ya grili na mabomba manne ya ekzosi yakichungulia chini ya bampa la nyuma. Alitaka dola 49,000. Nilimwandikia kwamba sitakwenda kuliona, hata kama ni mwendo wa saa mbili tu kutoka kwangu Columbus, Ohio, mpaka nipate namba nzima, kwa sababu namba hiyo ndiyo ufunguo wa Ripoti ya Marti, na bila ripoti hiyo mimi sinunui Ford yoyote ya kizazi hicho. Siku ya pili picha ilikuja bila kidole.

Kwa wasioifahamu huduma hii, Ripoti ya Marti hutolewa na kampuni ya Marti Auto Works ya jimbo la Arizona, iliyoanzishwa na Kevin Marti, ambayo kwa leseni ya Ford inahifadhi kumbukumbu za uzalishaji wa magari ya Ford, Lincoln na Mercury kuanzia yale ya mwaka wa modeli 1967. Unawapa namba ya chesisi, unalipa, nao wanakuletea maelezo ya jinsi gari hilo lilivyotoka kiwandani: rangi yake, giaboksi, uwiano wa difu, kila nyongeza iliyoagizwa, tarehe ya agizo na ya kuundwa, na wakala aliyepelekewa kuliuza. Mwenye Mustang ya 1965 au 1966 hana bahati hiyo, na hilo ni pengo kubwa, kwani miaka hiyo miwili ndiyo iliyotoa Mustang nyingi zaidi kuliko nyingine zote. Ripoti zipo za madaraja matatu. Ile ya chini inatosha kwa mnunuzi mwenye haraka. Ile ya juu kabisa huja ndani ya fremu, nami naiona kuwa pambo la ukutani zaidi ya kitu kingine. Nilichukua ya katikati, ambayo bei yake haifikii ya tairi moja jipya, na ikanifikia kwa barua pepe.

Kabla ya kueleza ilichosema, inafaa kueleza kwa nini namba ya chesisi peke yake haitoshi. Namba ya gari hili ilianza na 7R02C. Saba ni mwaka 1967. R ni kiwanda cha San Jose, California, maana zile za Dearborn zina F na za Metuchen, New Jersey, zina T. 02 ni bodi ya paa la mteremko. Na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, karibu lita 4.7, yenye kabureta ya matundu mawili na nguvu za farasi 200. Injini ile ile yenye kabureta ya matundu manne, nguvu 225, ingeandikwa A. Mtu anayejua herufi hizi anaweza kutambua mengi bila kulipa hata senti moja. Lakini herufi GT hazimo humo. Mwaka huo GT ilikuwa kifurushi cha nyongeza ambacho mnunuzi angeweza kukiagiza na V8 yoyote, na hakuna tarakimu hata moja ya chesisi inayokitaja. Nembo zake zinauzwa mpya dukani, taa za ukungu zinauzwa, mistari ya pembeni inauzwa, na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuligeuza gari la kawaida kuwa GT kati ya Ijumaa jioni na Jumapili.

Ripoti ilikuwa na mistari michache, na kila mstari ulikuwa unang'oa kitu fulani kwenye tangazo la muuzaji. Tangazo lilisema gari ni jekundu tangu kiwandani; ripoti ilisema rangi yake ni Lime Gold, yaani kijani chenye mng'ao wa dhahabu ambacho watu wengi waliokuja kumiliki magari hayo baadaye walikifunika haraka. Tangazo lilisema giaboksi ni ya mkono, gia nne, ya asili. Ripoti ilisema C4, ambayo ni otomatiki. Tangazo lilisema GT. Ripoti ilitaja usukani wa pawa, redio na vioo vya kivuli, basi. Jambo moja tu ndilo walilokubaliana, kwamba gari liliuzwa mara ya kwanza California, na hilo muuzaji alikuwa amelikoleza kwa maneno yaliyojaa kwenye matangazo ya namna hii: gari la California, halina kutu.

Hapa ndipo nilipojifunza mpaka wa huduma hii. Ripoti inaeleza gari lilivyozaliwa, na kuzaliwa California hakumzuii mtu kuishi Ohio, ambako serikali humwaga chumvi barabarani kila msimu wa theluji na chumvi hiyo hula chuma kwa chini pasipo kuonekana. Karatasi ilikuwa ya kweli, tangazo nalo kuhusu California halikusema uongo, na bado gari lilikuwa na kutu. Sikulijua hilo mpaka nilipokwenda.

Nilikwenda na rafiki yangu, fundi wa bodi aliyekulia Kisauni na kujifunza kazi Mombasa kabla ya kuja huku, pamoja na chupa ya maji ya lita mbili, tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, na magazeti ya zamani. Magazeti tuliyatandika juu ya zulia mbele, upande wa dereva na wa abiria. Kisha rafiki yangu akamimina maji polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, yale yanayoingiza hewa ndani. Mustang za miaka ya 1960 zina ugonjwa wao mahali hapo: chini ya matundu kuna mfereji wa bati uliofunikwa na kulehemiwa kabisa, majani na vumbi hukaa humo miaka nenda miaka rudi, unyevu haukauki, na bati linaoza kutoka ndani mahali ambapo jicho wala mkono haufiki. Kwa sekunde ishirini hivi hapakuwa na kitu. Muuzaji alianza kutabasamu. Kisha tone la kwanza likaangukia gazeti la upande wa abiria, kahawia kama chai ya rangi, likafuatiwa na jingine, halafu mkondo mwembamba ukawa unatiririka bila aibu nyuma ya dashibodi.

Sumaku nayo ilisema yake. Kwenye mlango ilishika vizuri. Nyuma ya gurudumu la nyuma, sehemu ya chini ya bodi, tuliiachia ikaanguka, tukaisogeza juu kidogo, ikaanguka tena. "Bwana, hapa umebaki mkate tu," rafiki yangu aliniambia kwa Kiswahili, akimaanisha puti, na mimi nikajitahidi uso wangu usibadilike.

Nilifungua mlango wa dereva kutazama kibao cha maelezo kilichopigiliwa ukingoni mwake. Kibao cha asili cha mwaka huo kina alama za bodi, rangi, ndani, tarehe, difu na giaboksi. Hiki kilisoma T, yaani Candyapple Red, na 5, yaani gia nne za mkono. Kilikuwa king'avu kama sarafu mpya, katika mlango ambao bawaba zake zililegea kiasi kwamba ilinibidi niuinue kidogo ili ufunge. Vibao hivi vinatengenezwa upya na kuuzwa kihalali kwa wanaofufua magari, na kazi yake ya heri inajulikana. Ila anayeagiza ndiye anayesema kiandikwe nini. Mtu asiye na ripoti mkononi angekisoma, akakilinganisha na rangi nyekundu na gia za mkono, akaona kila kitu kinapatana.

Injini nayo tuliitazama kwa chini, nyuma ya stata, ambako namba ya kumiminia chuma imechomoza kwenye bloku. Ford ilitumia C kwa miaka ya 1960 na D kwa miaka ya 1970, ikifuatiwa na tarakimu ya mwaka ambao kifaa kilibuniwa. Bloku hii ilianza na D4. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikinguruma kwa fahari ilikuwa ya usanifu wa 1974, miaka saba baada ya gari. Hilo ripoti haiwezi kukwambia, na haijidai kuweza. Kwa magari ya 1968 na kuendelea kazi huwa rahisi zaidi, kwa kuwa sehemu ya namba ya chesisi iligongwa pia kwenye injini na giaboksi; kwa 1967 ni zile injini za K peke yake, za nguvu ya juu, zilizogongwa namba. Anayekuuzia Mustang ya C ya 1967 akiapa kwamba namba zinalingana, muulize ni namba zipi.

Niliitandaza ripoti juu ya boneti, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Muuzaji, mtu mzima wa makamo, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita na hakuwahi kuuliza. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Kidole gumba sikukitaja. Tulikubaliana dola 31,000, bei ya gari lenye namba ya C lililopakwa rangi nyingine, lililobadilishwa injini na linalohitaji bati. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nililinunua kabisa. Jibu ni kwamba paa lile la mteremko ni adimu kuliko linavyoonekana: mwaka 1967 Ford iliunda Mustang 472,121, na kati ya hizo zenye bodi hiyo ni 71,042 tu, hali zile za paa la kawaida zilikuwa 356,271. Ukiipata iliyonyooka chesisi, hata kama ilisemewa uongo, huiachi kirahisi.

Kuhusu kufufua nitasema kwa kifupi, kwa kuwa hadithi za gereji hufanana. Karakana niliyoipa kazi ya bati, ambayo sitaitaja, ilinikadiria dola 9,000 na miezi mitatu. Nikalipa 16,200 na kungoja miezi kumi na moja. Sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa haki yao, kwa sababu ule mfereji wa chini ya kioo hauwezi kufikiwa mpaka utoboe alama za kulehemu moja baada ya nyingine, na hakuna anayejua uozo umefika wapi mpaka kifuniko kitoke. Sehemu nyingine ilikuwa uzembe, na uzembe huo niliugharimia mwenyewe kwa kuwa nililipa nusu ya fedha siku ya kwanza badala ya kulipa kwa hatua. Spea hazikuwa tatizo. Kwa Mustang unaweza kuagiza karibu kila kitu kikiwa kipya, kuanzia sakafu na madigadi hadi skrubu za taa, na zipo hata bodi nzima mpya zinazofinyangwa leo. Ila kipya hakimaanishi kinakaa: digadi la kushoto lilihitaji siku mbili za kukatwa, kukunjwa na kulehemiwa ndipo nafasi yake na mlango ikawa sawa juu na chini.

Katika kazi hiyo ripoti ilinifaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Fundi alipong'oa pambo la ndani nyuma ya kiti, alikuta kiganja kizima cha Lime Gold ambacho hakikuguswa na jua tangu 1967, na ikawa tunajua cha kulinganisha nacho. Difu iliyotajwa kwenye ripoti ilikuwa bado ndiyo ile ile iliyo chini ya gari. Usukani wa pawa uliotajwa haukuwapo, lakini mabano yake yalikuwapo, na tundu la bomba lake lilikuwa limezibwa kwa puti. Ukiwa na orodha, gari linaacha kuwa kitendawili. Unajua kipi kimepotea na kipi hakikuwahi kuwapo.

Sasa thamani. Wamarekani wengi hutumia viwango vya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale yenye makao yake Traverse City, Michigan, ambayo hupanga hali ya gari kwa namba: 1 ni la maonyesho, halina kasoro, 2 ni bora sana, 3 ni zuri na linaendeshwa, lenye kasoro ndogo zinazoonekana kwa karibu, 4 linatembea lakini limechoka. Wauzaji wote wana magari ya namba 2. Langu, baada ya kazi yote hiyo, nililiweka kwenye namba 3 mwenyewe, na mtu wa bima naye hakupinga. Tukakubaliana dola 45,000 kwa mkataba wa thamani iliyokubaliwa, ambao maana yake ni kwamba gari likiteketea nitalipwa kiasi hicho na si kile ambacho kompyuta itakisia siku hiyo. Ukijumlisha bei niliyolinunulia, bati, rangi, breki na nyaya, nimetumia zaidi ya hapo. Ni kawaida. Anayefikiri atanunua gari lililooza, alifufue na auze kwa faida, bora anunue lililokwisha fufuliwa na mtu aliyefikiri hivyo hivyo kabla yake.

Na hapa ndipo tofauti ya GT ya kweli na ya kubandika inapoingia kwenye hesabu. Bei za minada mikubwa, Barrett-Jackson kule Scottsdale au Mecum kule Kissimmee, hulipwa kwa magari yenye makaratasi, na mara nyingi bei inayotangazwa imejumuisha pia ada ya mnunuzi. Anayechukua bei ya GT yenye ripoti akaibandika kwenye gari lisilo nayo anauza karatasi ambayo hana.

Lawama yangu moja kwa huduma yenyewe inahusu takwimu za uhaba zinazokuja na ripoti: magari mangapi yalikuwa na rangi hii na ndani hii, mangapi yalikuwa na injini na giaboksi hizi. Takwimu ni za kweli na zinavutia, lakini sokoni zimekuwa silaha. Ukiunganisha rangi, viti, redio, difu na vioo, gari lolote mwishowe litakuwa la pekee duniani, hata lile ambalo hakuna aliyelitaka likiwa jipya. Nimeona tangazo la Mustang ya silinda sita lililoandika kwa herufi kubwa kwamba ni moja kati ya moja, na kutoka kwenye picha nilihesabu nati nne kwenye kila gurudumu, alama ya silinda sita ya enzi hizo, kwani za V8 zina nati tano. Uhaba ni kitu kimoja, na kutafutwa ni kitu kingine. Ningependa kampuni iweke sentensi moja juu ya hilo penye takwimu hizo.

Wapenzi wa magari ya makampuni mengine hawana utajiri huu. Wa Pontiac wana kumbukumbu za PHS (Pontiac Historic Services), ambazo ni muhimu kupita kiasi kwa GTO za 1964 na 1965, kwa sababu miaka hiyo GTO ilikuwa nyongeza juu ya modeli ya LeMans na namba ya chesisi haiisemi; kati ya LeMans zote za 1964 ni 32,450 tu zilizoagizwa kama GTO, na bila nakala ya ankara ya kiwanda huwezi kuzitenganisha na zilizovishwa nembo baadaye. Wa Chevrolet ndio wenye taabu. Chevelle SS ya 1970, hata ile yenye injini ya LS6 ya inchi 454 na nguvu 450, haijitaji kwenye namba ya chesisi, na mnunuzi anabaki kuomba Mungu kwamba ile karatasi ya kiwandani imesalia juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti, isiwe imeliwa na panya. Nikiambiwa nichague kati ya Chevelle isiyo na karatasi na Mustang yenye ripoti, kwa fedha zile zile, sifikiri mara mbili, ingawa Chevelle ndiyo inayonipendeza zaidi machoni.

Ndugu zangu wa Mombasa huniuliza nitalileta lini. Halitakuja: Kenya haipokei gari la kawaida lililozidi miaka 8, na usukani wa hili uko kushoto. Litabaki hapa Ohio, na kuanzia Novemba hadi chumvi ioshwe na mvua za Aprili halitoki gereji.

Kwa mnunuzi ninashauri jambo moja kuhusu utaratibu. Agiza ripoti kabla ya safari, kabla ya amana, kabla hujalisikia gari likinguruma, maana likishanguruma mtu huacha kusoma. Kisha nenda na maji na sumaku, kwa yale ambayo Arizona hawawezi kuyaona.

Kile kibao king'avu cha mlangoni nilikitoa siku tulipopaka rangi. Marti hao hao hutengeneza vibao vipya, nikaagiza kimoja chenye herufi ya Lime Gold na ya C4, zile zile zilizo kwenye ripoti, ingawa giaboksi iliyomo kwa sasa bado ni ya mkono. Fundi alipokuwa akikipigilia aliuliza kama nataka kukikwaruza kidogo ili kionekane cha zamani. Nilimwambia akiache kilivyo.